Kutembea Huku Unasalimiwa

Mgonjwa wa kwanza niliyeambiwa nimsimamishe alinikalia. Alikuwa mama mwenye mwili wake, aliyepona nyonga, na mimi nilikuwa msichana wa kutoka Kihagara, mwembamba kama ufito. Nilimshika kwapani nikamvuta kama mtu anayeteka ndoo kisimani. Sote wawili tukarudi kitandani, mimi chini, yeye juu. Bwana Komba, mkuu wa chumba cha mazoezi, hakukimbia kutusaidia. Alisubiri tumalize kucheka, kisha akasema, "Binti, mtu hanyanyuliwi. Mtu anainuka mwenyewe. Wewe unamkumbusha tu njia."

Nyinyi mliobaki chumbani maneno hayo mnayajua, nimewachosha nayo miaka yote. Sasa nimestaafu, na mmesema niandike kidogo kuhusu kazi. Vyeo na mishahara nitaviacha, maana vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitawaeleza habari ya mtu mmoja tu, kwa sababu kwake nilijifunza jambo ambalo darasani hakuna aliyewahi kunitajia.

Chumba chetu cha mwanzo kilikuwa ghala la mahindi la hospitali. Mvua ikinyesha, harufu ya dawa ya kuua dumuzi ilirudi, na wagonjwa walipiga chafya huku wamesimama kwa mguu mmoja, zoezi ambalo sijalikuta katika kitabu chochote. Vyuma vya kushikilia hatukuwa navyo, tulikuwa na milingoti ya mikaratusi iliyopigwa randa mpaka ikawa laini. Mipira ya kukamua kwa vidole ilikuwa soksi kuukuu zilizojazwa maharage, na kila msimu wa njaa zilipungua uzito bila maelezo. Kwa ajili ya nyayo tulikuwa na makreti matatu: moja la kokoto, moja la makapi ya kahawa, na moja la mchanga niliouleta mwenyewe kutoka ziwani kwetu. Mgonjwa alivua viatu, akafumba macho, akakanyaga humo na kutuambia anakanyaga nini. Wamatengo, wenyeji wa vilima hivi, walinitania kwamba Mnyasa amehama na ufukwe wake. Nami niliwajibu kwamba mtu aliyezaliwa kwenye mteremko hajawahi kujua mguu wake wa kweli ni upi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoachiwa kufanya biashara. Ushirika haukuwa tena peke yake kwenye kahawa. Wanunuzi binafsi walipanda vilimani na magari yao, kila mmoja na mizani yake, na madukani mjini Mbinga vitu vilijaa kuliko watu. Mitumba ilituletea raba. Kila mzee aliyekuwa na mtoto mwenye mapenzi alivalishwa raba nene za kijana wa Ulaya, zinazong'ang'ania sakafu kama konokono, na wale wasioweza kuinua nyayo walijikwaa kila hatua. Nilizichukia raba zile. Niliwaambia ndugu wawarudishie wazee katambuga zao za tairi, zilizolika chini zikawa laini, nao waliniona mtu ninayepinga maendeleo.

Wagonjwa wa Parkinson tuliwapata wachache, na karibu wote walichelewa. Nyumbani walishaambiwa ni uzee, ni pombe, ni mkono wa mtu. Mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, uso unakaa bila tabasamu hata furaha ikiwepo, sauti inashuka, hatua zinafupika, na mlangoni miguu inaganda kana kwamba imetiwa saruji. Vidonge vyake vilipatikana kwa kubahatisha. Soko lilishafunguliwa, maduka ya dawa yalichipuka Songea kama uyoga, ungeweza kupata sabuni ya uso ya kila rangi, lakini vidonge hivyo mpaka mtu aagizwe Dar es Salaam. Bwana Komba alikuwa akisema, "Kidonge kinafungua mlango. Kupita, apite mwenyewe." Hivyo tulifanya mazoezi saa ile kidonge kimeshika, na hilo bado ni sahihi, msije mkamwamsha mtu alfajiri mkamlaumu kwamba ni mvivu.

Mzee Ndunguru wa Mkumbi aliletwa na mwanawe Bosko, mwanzoni mwa mavuno ya kahawa. Bosko alifanya kazi Songea kwa mnunuzi mmoja wa kahawa na alikuwa na pikapu ya kazini. Alikuwa kijana mwema, nataka hilo lieleweke, lakini alikuwa mtu wa haraka. Mbele ya baba yake alituambia, "Ameanguka mara nyingi mno. Mavuno yakiisha namchukua akae kwangu. Kuna umeme, kuna sakafu ya saruji, hatalima tena. Nyinyi mumtengeneze kidogo aweze kufika kwenye gari."

Ugonjwa ulikuwa umemwondolea mzee uso, kwa hiyo hukuweza kusoma lolote pale. Bosko alipotoka kwenda kuweka mafuta, ndipo akanivuta kwa sauti yake ndogo.

"Binti, unajua nitafanya nini Songea?"

"Hapana, Baba."

"Nitakaa. Asubuhi nitakaa, jioni nitakaa. Mke wangu atabaki na kahawa peke yake, au aje tukae wote wawili. Mimi nina ngolo zangu kule. Nataka nife nazijua."

Kwa nyinyi msiotoka huku: ngolo ni mashimo tunayoyaona kwenye miteremko yote ya Umatengo, yamepangwa kama vyumba vya nyuki, na mazao hupandwa juu ya matuta yanayoyazunguka. Mzee alikuwa na mteremko mzima wa namna hiyo, chini ya mibuni yake. Nilimwahidi nitajaribu. Nikijiangalia sasa naona niliahidi kwa sababu nilikasirika, maana baba yangu naye alishawahi kuniambia maneno yanayofanana na hayo, naye hakupata wa kumtetea.

Tukaanza. Kuinuka kwenye benchi bila kushika. Kuhamisha uzito kulia na kushoto kabla ya hatua ya kwanza, kama mtu anayebembeleza mtoto. Kugeuka kwa kuzunguka kwa upana, kama lori linavyogeuza, badala ya kujisokota mahali pamoja. Tulichora mistari ya chokaa sakafuni, naye akairuka mmoja mmoja kwa hatua ndefu. Mguu usioweza kuondoka kwenye sakafu tupu ulivuka mstari bila ubishi. Methali husema mwenda pole hajikwai. Aliyeitunga hakumwona mgonjwa wa Parkinson, ambaye upole wa hatua ndio unaomwangusha. Nilimpigia kelele, "Kubwa, Baba! Hatua kubwa!" halafu nikanyamaza haraka, maana Bwana Komba alikuwa na sheria moja asiyoivunja: mgonjwa anapotembea, chumba kinakuwa kimya kama kanisani. Hakuna kuongea, hakuna kupita mlangoni, hata mpishi aliyeleta uji alisubiri nje.

Katika kimya kile Mzee Ndunguru alipendeza. Alivuka chumba, akageuka, akarudi. Makreti aliyatambua yote kwa macho yaliyofumbwa, isipokuwa mchanga wangu, ambao kila siku aliuita "uchafu wa Wanyasa". Tukamruhusu kwenda nyumbani kwa fahari kabisa. Haikupita muda Mama Bosko akaleta habari kwamba ameanguka tena, na mara hii amepasuka nyusi.

Nikaomba lifti kwenye gari la kahawa nikaenda Mkumbi. Ukungu ulikuwa mzito, baridi ile ya kati ya mwaka inayoingia kwenye mifupa. Nilimkuta Mama Bosko anaanua kahawa kwenye vitanga vya kuanikia akiogopa manyunyu. Nikamuuliza mzee huwa anaangukia wapi.

"Mlango wa kanisa," akasema. "Kwenye mizani ya kahawa. Msibani kwa jirani. Juzi hapo njia panda."

"Na shambani? Kwenye ngolo kuna mashimo kila mahali."

"Shambani haanguki." Akaweka kitanga chini akanisogelea. "Dada, na wewe umeona? Anaanguka penye watu tu. Kuna mtu ana jicho baya. Bosko amesema akijua ni nani patachimbika."

Nilimwomba mzee anionyeshe shamba lake, na tukaenda wote watatu. Kule ngoloni alinishangaza. Kila tuta lilikuwa mstari wake wa chokaa. Aliinua goti, akakanyaga tuta, akavuka, akainua tena, na mimi mtu wa mchanga ndiye niliyetumbukia shimoni mpaka kwenye magoti. Alisimama juu yangu na uso wake usiocheka akasema, "Mfanyieni mazoezi huyu."

Tulirudi kwa njia kuu. Mbele yetu akaja jirani na jembe begani, kijana mstaarabu. Akalishusha jembe, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Baba."

Mzee Ndunguru akageuza kichwa. Akainua mkono. Mdomo ukaanza kutafuta marahaba, na miguu ikasahauliwa hapo hapo, ikaganda, lakini kiwiliwili kiliendelea na safari. Mimi na Mama Bosko tulimdaka kila mmoja upande wake. Yule kijana akatupa jembe akakimbia, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili na kumwambia, "Pole sana, Baba! Habari za tangu juzi? Mmeamkaje nyumbani?" Na mzee, kwa kuwa alikuwa na adabu, akataka kujibu yote, tukamdaka mara ya pili.

Nilikaa chini pale njiani. Jicho baya lilikuwa hilo. Kila mtu wa Mkumbi alimpenda mzee huyu na kumheshimu, na heshima yao ilikuwa inamwangusha. Mlango wa kanisa, mizani, msiba: ndipo mahali mtu wa umri wake anaposalimiwa na kila anayepumua. Kule ngoloni mahindi hayana shikamoo. Na sisi hospitalini tulimfundisha kutembea katika dunia ambayo haipo, dunia ambayo watu wananyamaza mzee anapopita.

Nikaeleza. Nikasema basi dawa ni rahisi, tuwaombe majirani wasimsalimie akiwa anatembea, wangoje aketi. Mama Bosko aliniangalia kana kwamba nimetukana. Mzee mwenyewe ndiye aliyejibu, akiwa ameegemea ukingo wa njia.

"Mbuzi ndio wanaopita bila kusalimiwa. Nikifikia hapo, nipeleke tu Songea."

Nilimpelekea Bwana Komba habari hiyo nikitarajia ubishi, maana kimya cha chumba kile kilikuwa mali yake. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Kesho yake asubuhi alifungua mlango wa chumba cha mazoezi na kuwaita wapishi, wafagizi, manesi waliotoka zamu, na ndugu wa wagonjwa waliokuwa wanaota jua kwenye baraza. Akawaambia, "Yuko mzee anakuja kutembea hapa. Msalimieni. Msimhurumie hata kidogo."

Sijawahi kuona hospitali yenye adabu kama ile. Mzee Ndunguru aliporudishwa kwetu alikutana na shikamoo mlangoni, kwenye korido, kisimani, jikoni. Hatua ya kwanza tuliyomfundisha ilikuwa kuchelewa. Ukisikia shikamoo, usijibu. Simama kwanza, panua miguu, weka fimbo, ndipo utoe marahaba yako. Ilimtesa, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri marahaba humtoka kabla hajafikiri. Mara nyingi alijibu mapema nami nikamdaka. Tukampa kazi nyingine za kichwa: atembee huku akinitajia mashamba yake kuanzia juu mlimani hadi mtoni, atembee na kikombe cha maji, atembee huku Bwana Komba akimdanganya kuhusu bei ya kahawa ili abishe. Bwana Komba alijaribu pia kumpigia mdundo wa mganda kwenye bati ili miguu ishike mwendo. Mzee akasimama kabisa.

"Hiyo ni ngoma ya ziwani," akasema. "Unataka nitembee kama samaki?"

Alichagua mwenyewe mwendo wa jembe: mguno wa mtu anayechimba, pumzi ndani, pumzi nje. Kwa mguno huo miguu ilitii. Polepole tukaacha kumsimamisha kwa kila salamu. Alianza kulitandaza neno marahaba juu ya hatua zake, pana kama hatua zenyewe, bila kugeuza kichwa na bila kuinua mkono. Mpishi mmoja alilalamika kwamba mzee anaringa siku hizi. Nilifurahi siku nzima.

Kisha vidonge vikaisha madukani. Mzee akawa gogo. Hakuweza kujigeuza kitandani, seuze kusalimiwa. Bosko akaja, akamwangalia, akatoka nje akalia nyuma ya pikapu yake ambako alidhani sioni. Aliporudi alisema mavuno yamebaki kidogo na gari analileta Jumapili ya mwisho. Nilitaka kumjibu maneno makali. Bwana Komba akanikanyaga mguu, mbinu aliyoitumia mara nyingi kwangu, na akamwomba Bosko kwa upole jambo moja tu, avisake vidonge huko mjini kwa njia zake za kibiashara. Bosko akavipata. Sijui alivitoa wapi na sikuuliza. Mlango ukafunguka tena, na tulikuwa na siku chache tu za kupitia.

Nitasema mapema ili msije mkadanganyika: Parkinson haikuondoka. Haiondoki. Miaka ya mbele ilimnyang'anya mzee vitu vingi, na mwishoni Mama Bosko alimlisha kwa kijiko. Mazoezi hayakumrudisha ujana. Yalimpa miaka mingine ya kuwa mtu wa Mkumbi anayetembea, na ukimuuliza mwenye miaka hiyo kama ni midogo, atakufukuza.

Jumapili ile, mzee akiwa ameshatoka hospitali, nilipanda Mkumbi mapema, Mwanglikana mimi nikasimama nje ya kanisa Katoliki, mgongo ukutani. Pikapu ya Bosko ilikuwa imeegeshwa njiani, godoro nyuma, blanketi kwenye kiti cha mbele. Bosko mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya uwanja akingoja, mikono tayari. Mnunuzi alishatundika mizani yake chini ya mkaratusi, na watu wangepita hapo wakitoka kwenye Misa. Kwa ufupi, karibu kila mahali ambapo Mzee Ndunguru aliwahi kuangukia pamekusanywa mahali pamoja.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka kwa katambuga zake, Mama Bosko nyuma yake bila kumshika, kama nilivyomwomba. Kwenye kizingiti miguu iliganda. Niliziba mdomo kwa kanga. Akahamisha uzito, kulia, kushoto, nikausikia ule mguno, na goti likainuka likavuka. Salamu zikaanza. Shikamoo Baba, shikamoo Babu, habari za siku nyingi, mmeamkaje. Zilimjia pande zote. Kwa mzee mwenzake alisimama, akapanua miguu, wakasalimiana vizuri kama inavyopasa. Watoto na vijana aliwajibu akiwa anakwenda, marahaba pana, pana, macho mbele.

Bosko alishindwa kuvumilia. Alitoka pale alipokuwa akamkimbilia, akajiweka mbele yake na kunyoosha mikono amshike.

"Shikamoo, Baba! Ngoja nikushike!"

Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote: mtoto, mkono, na salamu, vyote kwa mpigo. Mzee hakugeuza kichwa wala hakuinua mkono.

"Marahaba, mwanangu," akasema, mguu ukiwa hewani. "Nipishe."

Bosko akapisha. Alibaki na mikono yake imenyooka, akimwangalia baba yake anapita kwenye mizani, anapita kwenye pikapu bila hata kuitazama, anashika njia ya nyumbani. Kisha akaenda akalikunja lile blanketi, akamkabidhi mama yake. Hakuna aliyesema neno juu ya Songea siku ile, na baadaye pia sikusikia likisemwa.

Mimi nilibaki pale ukutani kimya kabisa, nimejibana, nisije nikamharibia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, kufuta nako ningesogea. Njia yake ilipita mbele yangu. Aliponifikia alisema, bila kunitazama na bila kupunguza hatua, "Mnyasa, leo huna salamu?"

"Shikamoo, Baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akaendelea kwenda.